Taarifa za setelaiti zimfikie mwenyekiti wa kijiji

Mheshimiwa Mhariri,

Sisi tunaopakana na msitu wa Bugoma, hapa wilayani Kikuube, Uganda, tumeambiwa mara nyingi kwamba siku hizi msitu unalindwa kutoka angani. Ni kweli, na ni jambo jema. Setelaiti za Ulaya za Sentinel-2 hupita juu yetu kila baada ya siku 5 hivi, na picha zake ni bure. Za Landsat, za Marekani, zilianza kupigwa mwaka 1972 na hazilipiwi tangu 2008. Majani mabichi hurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi ambao macho yetu hayauoni. Msitu ukifyekwa mwanga huo hupungua, na kompyuta huitambua tofauti. Hata mawingu ya masika si kizuizi tena, maana rada ya Sentinel-1 huyapenya.

Lakini taarifa hizo zikishapatikana, huku kwetu hatuzioni. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ndiye anayejua lori la makaa hupita njia gani na ni nani aliyeanza kulima miwa ndani ya mpaka. Ramani ikimfikia baada ya miezi, itamwonyesha visiki tu.

Tena setelaiti peke yake haitoshi. Sentinel-2 huigawa ardhi katika miraba ya mita 10 kwa 10. Eka moja iliyofyekwa huonekana vizuri. Mti mmoja wa mahogani, ukiangushwa na kupasuliwa mbao chini ya kivuli cha mingine, mara nyingi hauonekani kabisa, na miti ya thamani huibwa hivyo hivyo, mmoja mmoja. Anayeweza kutoa habari ni mkulima wa jirani aliyesikia msumeno. Kwa nini basi hatuna njia ya kumuunganisha mkulima huyo na mtaalamu aliye Kampala?

Naiomba Mamlaka ya Taifa ya Misitu iwatumie wenyeviti wa vijiji ujumbe mfupi wa simu mara tu alama ya ufyekaji inapotokea. Uandikwe kwa Kinyoro na Kiswahili, kwa sababu mpakani mwa msitu huu wanaishi watu wa makabila mengi na wakimbizi kutoka Kongo. Usitaje namba za ramani. Utaje kijito au kilima kwa jina tunalolitumia sisi. Wengi wetu tuna simu ndogo zisizo na intaneti, na ujumbe huo huingia bila shida. Nasi tuwe na namba ya kujibu, ili tunayoyaona chini yaingizwe kwenye ramani.

Sheria ya Misitu na Upandaji Miti ya 2003 tayari inaruhusu wananchi kuingia makubaliano ya kusimamia msitu pamoja na serikali. Bugoma ni hifadhi tangu 1932, hekta zaidi ya 41,000, na ni makao ya sokwe wengi. Mpango huu uanzie hapa, kabla kiangazi cha Desemba hakijaingia, kwani barabara zikikauka malori huongezeka.

Mkazi wa Kikuube