Barua ya wazi kwa mpwa wangu wa Makorora

Mpwa wangu mpendwa,

Baada ya salamu na kukujulia hali wewe, mama yako na wote walioko nyumbani, ninakuandikia kujibu ujumbe wako wa sauti wa usiku wa Jumanne, ule wa dakika saba, ambao ndani yake ulinieleza kwamba safari hii umekata shauri kwelikweli, kisha ukaniomba nikutie moyo kwa sababu hamasa ikikujia huwa haikai. Nimeusikiliza mara tatu. Nimeamua kukujibu hadharani, kwa idhini yako na bila kukutaja jina, kwa kuwa katika mwaka huu mmoja nimeulizwa jambo hilohilo na vijana wasiopungua wanne wa hapa kwetu Ngamiani, na kila mmoja nilimjibu harakaharaka tukiwa tumesimama mlangoni, jambo ambalo halikumfaa yeye wala halikuniridhisha mimi.

Nianze na lile ambalo hutalipenda. Huu ni uamuzi wako wa nne tangu matokeo ya kidato cha nne yalipotoka. Ulipopata daraja la nne, ukiwa na C mbili, ya Kiswahili na ya Jiografia, uliamua kurudia mtihani ukiwa mtahiniwa wa kujitegemea ili upate C ya tatu, ambayo pasipo hiyo mlango wa kidato cha tano haufunguki. Vitabu vikanunuliwa. Haukupita muda ukaanza kushinda na yule fundi umeme wa barabara ya 12, ukasema kwamba shule siyo njia pekee ya riziki, na ulisema kweli. Kisha rafiki yako akakupa pikipiki yake uiendeshe jioni, ukasema mtaji kwanza. Na Jumanne umeniambia kwamba yote matatu utayafanya kwa pamoja, kwa kuwa umemsikia mzungumzaji mmoja katika simu akiwahimiza vijana wasijiwekee mipaka.

Sina ugomvi na mzungumzaji huyo, wala simjui. Ninachokiona ni kwamba ukimaliza kumsikiliza unalala umeridhika kana kwamba kazi imeshafanyika, mfano wa mtu aliyenusa pilau ya jirani akajilamba midomo, na kunapopambazuka njaa iko palepale. Ndiyo maana nimekataa kukutumia maneno ya kukutia moyo. Moyo unao, tena mwingi. Unaugawa katika mafungu matatu kila asubuhi, na kila fungu linakuwa dogo mno kufanyia kazi yoyote.

Nikueleze habari ya bibi yako. Wewe ulimkuta ameshaanza kuumwa magoti, kwa hiyo hukumwona akiwa shambani, na shamba lake lilikuwa baharini. Kilimo cha mwani, ambacho kilianza kibiashara Unguja mwaka 1989, kilipofika pwani yetu ya huku upande wa Mkinga katika miaka ya 1990, yeye alikuwa miongoni mwa wanawake waliokwenda kupigilia vigingi vya mikoko mchangani, wakatandaza kamba na kufunga mbegu moja moja kwa vijikamba vidogo wanavyoviita tai tai. Mwani uko wa namna mbili. Ule mnene una bei nzuri zaidi, lakini hauvumilii maji ya joto; ukiugua hugeuka mweupe, hukatika vipande na kuchukuliwa na mawimbi, hata mtu akaenda shambani akakuta kamba tupu. Ule mwembamba bei yake ni ya kusikitisha, lakini unastahimili. Wote hukaa majini takriban wiki sita kabla ya kuvunwa.

Bibi yako, kama mtu yeyote mwenye akili, alitaka vyote viwili. Alilima mwembamba karibu na ufuko na mnene mbele zaidi, kwenye maji ya kina. Tatizo halikuwa mwani, lilikuwa maji. Unajua mwenyewe kwamba kazi ile hufanyika wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanapokupwa hadi mbali. Siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, shamba la mbele halifikiki. Kwa hiyo katika nusu mwezi ana siku chache tu, na katika kila siku ana saa chache tu kabla maji hayajaanza kujaa, nayo kwetu hupanda zaidi ya mita tatu, hayamsubiri mtu. Akiwa shamba la mbele anaifikiria kazi ya ufukoni, akiwa ufukoni anatazama mbele. Misimu miwili mfululizo alivuna nusu huku na nusu kule, na nusu hizo mbili zilipowekwa kwenye mizani hazikufikia kile walichopata majirani zake waliokuwa na shamba moja tu, liwe la mnene au la mwembamba.

Siku aliyoamua, sikuwepo alipokuwa majini, lakini nilikuwepo aliporudi. Alikuja na vigingi vya shamba la mbele amevifunga mzigo kichwani, akavitua uani, akavianika, na baada ya siku kadhaa akavipikia. Nilimuuliza kwa nini asivihifadhi, huenda msimu ujao maji yakapoa. Alinijibu kwamba akivihifadhi atakuwa anavitazama. Hakuongeza neno. Na usidhani kwamba baada ya hapo alistarehe, kwa maana upo msimu ambao mwani mnene ulikubali, majirani wakalipwa vizuri kuliko yeye, na aliumia, akasema wazi kwamba ameumia. Lakini hakurudi mbele, na fedha za mwani mwembamba, kidogo kwa kidogo, ndizo zilizomnunulia mama yako cherehani, hiyo unayoiona hadi leo sebuleni kwenu.

Ninakuuliza basi, katika mambo yako matatu, ni vigingi vya lipi uko tayari kuvipikia? Huwezi kusema kwamba umechagua kwa kutaja tu unachokitaka, maana kutaka hakuna gharama. Wahenga walishasema kwamba njia mbili zilimshinda fisi, na wewe uko kwenye njia tatu. Usiniambie pia kwamba pikipiki ni ya jioni tu na haigusi kitu. Jioni ndiyo saa ya kusoma ya mtahiniwa wa kujitegemea, na ndiyo saa ambayo mwili wa fundi aliyeshinda juu ya dari unadai kupumzika.

Ninayasema haya nikiwa nimeungua. Katika miaka ya 1990, nilipokuwa karani wa ghala, nilijiandikisha kufanya mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu, ambayo wakati huo ilifanyika Mei na Novemba, na nilimtangazia kila aliyekaa barazani kwetu. Nilinunua kalamu za rangi. Nilikuwa pia katibu wa kikundi cha mashabiki wa Coastal Union, timu yetu ya soka ya Tanga, kazi niliyoipenda kupita kiasi, kwa kuwa ubingwa wake wa mwaka 1988 ulinikuta nina umri wa kuamini kwamba furaha ile ingejirudia kila mwaka. Mechi ikiwa hapa kwetu uwanja wa Mkwakwani, vitabu vilifungwa. Mechi ikiwa mikoani, vitabu vilifungwa siku tatu, kwa sababu kulikuwa na basi la kutafuta na michango ya kudai. Nilianguka somo la gharama mara ya kwanza, nikasema mtihani ulikuwa mgumu. Nilianguka mara ya pili, na hapo baba yangu, yaani babu yako mzaa mama, ndipo aliponiita.

Huyo unajua historia yake kwa juujuu. Alitoka Songea akiwa kijana, akaletwa huku kwenye mashamba ya mkonge akiwa manamba, yaani kibarua wa mkataba, akakata mkonge miaka mingi kabla ya kumwoa bibi yako na kuhamia pwani. Hakujua kusoma barua yangu ya matokeo, ila aliniuliza, "Umefanya kazi siku ngapi?" Nikamwambia nilianza mwezi wa pili. Akasema hakuuliza nilianza lini. Akanieleza kuhusu kipande. Kipande kilikuwa kadi ya mfanyakazi, yenye nafasi za siku 30, na mshahara haukutoka mpaka nafasi zote 30 zitiwe alama. Siku uliyokwenda shambani ukamaliza kazi uliyopimiwa, ulitiwa alama. Siku uliyokwenda ukaishia njiani, haikuhesabiwa, hata kama ulitoka jasho. Ukiugua siku tatu hakuna aliyekufutia alama za nyuma, ila na wewe hukusogea mbele. Watu wengine mwezi wao wa kazi uliwachukua wiki sita za kalenda.

Sitaki kuusifu mfumo ule. Ulikuwa wa kubana watu, kadi ilikuwa chombo cha mnyapara, na babu yako aliuzungumzia kwa uchungu hadi alipofariki. Lakini alichonifundisha siku hiyo ni hesabu ambayo sikuwahi kuifanya. Nilichukua daftari, nikachora nafasi 30, nikajipimia kazi ya siku: maswali mawili ya hesabu za gharama, yakamilike pamoja na majibu kusahihishwa, ndipo nitie alama. Nilipoanza kuhesabu kwa namna hiyo niligundua kwamba ile miezi yote niliyoiita ya kusoma, kabla ya mtihani wa pili, haikuzidi siku 20 za kweli. Niliona haya. Nilijiuzulu ukatibu, na kwa mwaka mzima sikukanyaga Mkwakwani, nikisikia kelele za magoli nikiwa chumbani na kujaribu kukisia ni upande gani umefunga. Barazani waliniita profesa kwa kejeli. Nilijaza vipande vitano na nusu, nikafaulu somo lile. Kwa maksi za wastani, si kwa sifa.

Sasa kuhusu hamasa, ambayo ndiyo uliyoniomba. Katika vile vipande vitano na nusu sikumbuki siku zaidi ya kumi ambazo nilikaa mezani nikiwa na hamu. Siku nyingi nilikaa kwa sababu nafasi ilikuwa tupu na ilinikera. Hamu, ilipokuja, ilikuja katikati ya swali la pili, nilipoona kwamba hesabu inakubali. Ilikuwa inanikuta kazini, haikunipeleka kazini. Wewe unaisubiri nyumbani ije ikuchukue. Na jambo jingine ambalo ningependa ulizingatie ni kwamba kipande hakidai siku zifuatane. Nimekuona ukikosa siku moja ya kusoma kisha ukaitupa wiki nzima kwa kuwa umeshaharibu, ukangoja Jumatatu, na Jumatatu ikawa na udhuru wake, ukangoja mwezi mpya. Siku iliyokosekana imekosekana, nafasi yake ipo hapohapo, ijaze kesho.

Kuhusu lipi uchague, nimejizuia nisikuamulie, lakini nitakuambia nilichokiona kwa macho yangu. Mwezi wa Ramadhani, soketi ya sebuleni kwangu ilipoanza kunuka moshi, ulikwenda nyumbani kuchukua testa na bisibisi bila kuombwa, ukakaa saa mbili ukifuata waya ukutani hadi ukapata mahali palipoungua, na futari ikapoa hukujali. Katika vitabu vya kurudia mtihani sijakuona hivyo hata siku moja. Huenda ninakosea, kwa sababu mtu anaweza pia kuhitaji asichokipenda, na kama unataka kuwa mwalimu, kama ulivyowahi kuniambia, basi kidato cha tano hakina mbadala mwepesi. Ila kama hofu yako ni kwamba fundi asiye na cheti hudharauliwa, ujue kwamba VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, pamoja na mafunzo yake ya kawaida ambayo yapo hapahapa Tanga, huwapima pia mafundi waliojifunza ujuzi kazini na kuwapa cheti wakifuzu. Nenda ukaulize masharti mwenyewe, usiulize kwa simu.

Limebaki la mama yako. Kwetu sisi uamuzi wa kijana haukai kichwani mwake peke yake; mama anataka kidato cha tano, shangazi yako amechangia vitabu, na mimi mwenyewe nimetia mkono wangu. Ukichagua kinyume na walivyotarajia, wataumia, na ni haki yao. Lakini kuwaficha huku ukijifanya unasoma ni kuwaongezea deni lisilolipika. Mkalishe mama yako chini mchana, siyo usiku akiwa amechoka na cherehani, umwambie unaacha nini na kwa nini, na vitabu vya shangazi uvirudishe kwa mkono wako mwenyewe. Ukitaka nije nikae pembeni nitakuja, ila sitakusemea.

Nimemwachia mama yako daftari la kurasa 96, na ukurasa wa kwanza nimekuchorea nafasi 30. Juu yake nimeacha mstari mmoja mtupu wa kuandika kazi utakayojipimia, kazi moja, siyo tatu. Safari hii usinitumie sauti ya usiku wa manane. Nipigie ukishatia alama ya kumi, hata kama itakuwa baada ya mwezi.

Wako,
Mjomba wako, Ngamiani, Tanga