Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Bandari ya Mombasa: Kilindini ilikuwa na wenyewe

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Assalaam aleikum. Nakuandikia nikiwa mzaliwa wa Kuze, Mji wa Kale, wa ukoo wa Wakilindini. Jina la kabila letu, ambalo ndilo jina la bandari ya Kilindini, hutajwa kila siku na manahodha wa meli kutoka kila pembe ya dunia, na wengi wao hawajui kwamba liko kabila linaloitwa hivyo.

Kabla ya gati na maghala, upande ule wa kisiwa ulikuwa na watu wake. Wakilindini, Watangana na Wachangamwe ndio Thelatha Taifa, yaani mataifa matatu. Pamoja na Tisa Taifa, yaani mataifa mengine tisa, wakawa Thenashara Taifa, mataifa kumi na mawili, wenyeji wa Mombasa. Thelatha Taifa walikuwa na tamim wao, yaani kiongozi wao, na walifungamana na Wadigo na Waduruma wa bara. Baadaye wakahamia Mji wa Kale. Sisemi kwamba bandari ndiyo iliyowahamisha, maana Waingereza walipofika wao walikuwa wamekwisha kuhama. Ninachosema ni kwamba mahame yao yalijengewa juu, na ni vichache mno vilivyosazwa.

Kimojawapo ni Mnara wa Mbaraki. Nakuomba, Mheshimiwa, uende ukautazame mwenyewe, ni mwendo mfupi tu kutoka magatini. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ndani uko wazi, na ubavuni pake pana msikiti. Malori hupita jirani yakitimua vumbi. Hata hivyo watu wamekuwa wakienda pale na ubani na marashi ya mawaridi kuweka nadhiri zao. Uwe unakubaliana na jambo hilo au la, mahali ambapo watu bado wanapeleka haja zao hapajafa.

Kisha likaja tabaka la pili la historia hii, na hili ni la bandari yenyewe. Ujenzi wa reli ya Uganda ulianzia kisiwani mwaka 1896. Meli zilikuwa zikitia nanga katikati ya maji na shehena kuletwa pwani kwa matishari, hadi magati ya kwanza ya kina kirefu yalipokamilika mwaka 1926. Walioibeba bandari hiyo ni makuli: Wamijikenda, Wajaluo, Wakamba, Washihiri (Waarabu wa Hadhramaut), gunia juu ya gunia, wengi wakilipwa kwa siku na kulala wamebanana vyumbani mtaa wa Majengo. Waligoma mwaka 1939. Januari 1947 mji mzima ukasimama, wafanyakazi wapatao 15,000, wakikutana uwanja wa Kiembeni. Chege Kibachia, aliyeliongoza shirikisho lao la wafanyakazi, alikamatwa Agosti mwaka huo huo akapelekwa kuzuiliwa Kabarnet. Hayo yalifanyika miaka 16 kabla ya uhuru, na naamini uhuru wenyewe unadaiwa kitu na makuli wa Kilindini. Makontena yalipokuja, kreni moja ikafanya kazi ya magenge mazima, na maisha yale ya magatini yakapotea pamoja na nyimbo zao za kuvutia mizigo.

Siombi bandari isimame. Nyumba nyingi za mji huu zinakula kwayo, ya kwetu ikiwemo. Ninaomba langoni pawekwe kibao cha Kiswahili kinachowataja Thelatha Taifa na makuli wa 1947. Ninaomba daftari za zamani za vibarua na picha za magati zisitupwe, zipewe wahifadhi kabla mchwa hajazimaliza. Na kila mnapochimba upande wa kisiwani, wataalamu wa Makumbusho ya Taifa wawepo tangu siku ya kwanza, wasiitwe tingatinga likishapita. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inataka vitu vya kale vikionekana vitolewe taarifa, lakini dereva wa tingatinga hawezi kutambua kigae cha chungu cha karne nyingi asipokuwepo wa kumwonyesha.

Wazee wa Kilindini wenye kujua mipaka, visima na makaburi bado wapo, na makuli wastaafu pia wapo, ingawa kila mwaka tunawazika. Tupangie siku, Mheshimiwa. Nitawaleta mimi mwenyewe.

Wako mtiifu,
Mzaliwa wa Kuze, Mombasa