Gauni lako limenipwaya

Nkuhungu, Dodoma
7 Januari

Mwanangu mpenzi,

Mbukwa. Najua utacheka kwamba mama yako ameshika kalamu wakati simu iko hapa mezani na chaji imejaa. Simu ina ubaya wake. Ukiniuliza "mama, mzima?" najibu "mzima" kabla sijajiuliza mwenyewe kama ni kweli. Kwenye karatasi sina mtu wa kuniwahisha. Kwa hiyo tafuta pa kukaa, maana hii si fupi.

Mzigo wako ulifika tarehe 22 Desemba. Binamu yako alishuka nao kwenye treni ya umeme, anasema aliupakata njia nzima kwa kuogopa chupa isije ikapasuka. Mwendo wa saa tatu na ushee kutoka Dar! Nakumbuka nilivyokuwa nakuja kukuona chuoni: basi la alfajiri, vumbi, miguu imevimba, nafika jioni nimepauka kama mbuyu. Tangu 2024 reli hiyo ipo, na mpaka sasa imeshaniletea kila kitu kutoka kwako isipokuwa wewe. Neno hili nimeliandika, silifuti.

Nianze na gauni. Nilipolitoa kwenye mfuko nililigeuza ndani nje kwanza, ndivyo bibi yako alivyonifundisha kuikagua nguo. Bitana ipo, mishono imepigwa ovaloki vizuri, zipu imefichwa. Na rangi ile, damu ya mzee, umekumbuka kwamba ndiyo rangi yangu. Mdogo wako alikuwa amekaa pale mlangoni anavua viatu, akaniambia, "Mama, uso wako umekuwa kama wa mtoto." Nikamwambia akapige mswaki alale.

Usiku, nyumba ilipotulia, nikalivaa.

Mabega yalishuka. Kwapani palibaki nafasi ya kupitisha ngumi, kiunoni ndiyo usiseme, nilikikusanya kitambaa kwa mkono wa kushoto kama mtu aliyeshika kanga inayotaka kudondoka. Asubuhi nikamwonyesha mdogo wako, akasema linanifaa sana na siku hizi fasheni ni kupwaya. Wewe unamjua akidanganya anavyokuna sikio. Alikuna mpaka likawa jekundu.

Gauni halina kosa, wala duka halikukosea. Umelinunua kwa mwili ulioukumbatia mwaka 2022, siku ya mazishi ya bibi yako. Mwili ule mimi sina tena.

Ngoja kwanza nikusimulie jambo, halafu nitarudi hapo, usidhani nakwepa.

Krismasi ya 1981 nilikuwa na miaka 11, tuko Mvumi. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, lakini madukani hakukuwa na kitu. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, kitambaa ukikisikia kimefika unakimbia hata kama una chungu motoni. Mitumba ilikuwa marufuku. Hayo mabelo ya soko la Sabasaba unayoyapenda yalikuja katikati ya miaka ya 80, biashara ilipofunguliwa. Babu yako akauza mbuzi, akakaa foleni siku mbili kwenye duka la ushirika, akarudi na mita chache za kitambaa cha buluu chenye maua meupe. Fundi alikuwa mmoja tu, barazani, na foleni yake nayo ilikuwa ndefu kuliko ya duka. Kila ukienda: "Njoo kesho." Mafundi hawajabadilika, hilo nakuhakikishia.

Bibi yako alimwambia yule fundi: mshonee mkubwa, na upindo mrefu. Nilipolivaa nilionekana nimeazima gauni la shangazi. Nililia kabisa. Upindo ulikuwa karibu shubiri nzima, mzito, unanipiga kwenye miundi nikitembea. Krismasi iliyofuata akaufumua kidogo, iliyofuata tena akafumua kidogo. Na kila ulipofumuliwa, ile sehemu iliyokuwa imekunjwa ilitoka na buluu yake mbichi huku kwingine kumepauka kwa jua letu hili. Mtu yeyote aliweza kusimama nyuma yangu kanisani akahesabu Krismasi zangu kwenye pindo, mstari kwa mstari. Wasichana wakubwa walihesabu kweli, kwa sauti.

Bibi yako alinishonea kwa kukisia nitakavyokuwa. Wewe umeninunulia kwa kukumbuka nilivyokuwa. Nimekaa na mawazo hayo wiki mbili sasa, nikipalilia mtama wangu nyuma ya nyumba.

Manukato nayo yana hadithi yake. Kwetu wakati ule mtu kunukia ilikuwa ni harufu ya pasi ya mkaa kwenye nguo mpya, basi. Bibi yangu mimi, yule mama wa mama, alijipaka samli, na mpaka leo nikisikia harufu ya samli namwona amekaa kwenye kigoda. Manesi wa misheni walinukia poda. Sisi watoto tulikuwa tunawafuata nyuma njiani, tunavuta pumzi.

Sasa hii chupa yako. Nilimpelekea yule kijana wa pale mjini anayeuza pafyumu za kupima, anieleze, maana boksi limejaa Kifaransa. Akaishika kwa heshima kama mtoto mchanga. Akaniambia hii si ile ya kupulizia kwapa, hii ina mafuta mengi ya harufu, mafuta yenyewe yamechanganywa na spiriti. Spiriti inaruka upesi, harufu inabaki. Nipulizie shingoni, kwenye vifundo vya mikono pale mshipa unapopiga, na kwenye kiwiko kwa ndani, wala nisisugue. Nijipake mafuta ya mgando kwanza, maana ngozi kavu haishiki harufu, na hewa ya Dodoma unaijua, inakausha hata mawazo. Halafu akaniuliza ninaiweka wapi. Nikamwambia dirishani, ili wageni waione. Alishtuka kweli! Jua na joto vinaua manukato, mama, iweke gizani. Kwa hiyo sasa inakaa kabatini ndani ya boksi lake, na wageni nawaelekeza kwa maneno.

Kitu kimoja hakuniambia, nikakijua kwa aibu. Asubuhi ya Krismasi nilipulizia mara mbili. Baada ya muda nikawa siisikii tena, nikadhani imeruka yote, nikaongeza mara mbili. Nikawa tena siisikii. Nikaongeza. Kumbe pua ndiyo inayozoea, mwanangu, harufu ipo palepale. Kanisani nilikaa benchi la tatu na akina mama wenzangu, joto la Desemba, feni moja haifanyi kazi. Mama wa kulia kwangu alipiga chafya kuanzia zaburi hadi sadaka. Mjukuu wa jirani akamwuliza bibi yake kwa sauti ya kusikika mpaka kwaya, "Bibi, nani amemwagikiwa?" Niliinamisha kichwa kama anayesali. Hata hivyo, tukiwa nje, watatu walinifuata kuuliza jina la manukato. Mmoja alikuwa yule yule wa chafya.

Nguo nilizovaa siku hiyo? Gauni lako, ndiyo, nimelifunga kiunoni na mkanda wa gauni langu la zamani, juu nikatupia kanga aliyoninunulia mdogo wako. Safari hii amesoma maandishi kabla ya kununua. Unakumbuka ile Krismasi aliyoniletea kanga iliyoandikwa HASIDI HANA SABABU, nikaivaa kwenda kumjulia hali jirani, akakaa mwezi mzima hanisalimii? Hii inasema WEMA HAUOZI. Na wifi yangu ameleta vitenge vya sare, ukoo mzima, wewe wako upo hapa, haujashonwa, kwa sababu fundi aliuliza vipimo vyako na mimi nikajikuta sivijui. Nilikuwa nataka kumwambia "kama mimi nilipokuwa na umri wake." Nikanyamaza.

Jumapili hii mchungaji alihubiri juu ya Mamajusi. Dhahabu, uvumba na manemane. Alisema manemane ni utomvu wa miti ya jamii moja na ile tunayochomeka matawi yake kuwa ua, ile ambayo ukiikwaruza inatoa machozi yenye harufu. Nilipofika nyumbani nikaenda uani nikaikwaruza, nikanusa. Si kama chupa yako, lakini ukifumba macho unaona undugu. Wazo langu mimi, ambalo mchungaji hakuligusa: nguo yule mtoto alivikwa na mama yake, usiku uleule. Manukato yalikuja baadaye, na watu waliotoka mbali waliyaleta wao wenyewe, kwa miguu yao. Hawakumpa binamu.

Haya. Nilisema nitarudi.

Mwezi wa saba nilianza kuwa na kiu isiyoisha. Maji nakunywa, kiu ipo. Usiku naamka kwenda chooni mara nne, mara tano. Nguo zikaanza kunilegea, nikadhani ni shamba na umri. Mdogo wako akanivuta kwa nguvu mpaka kliniki, wakanitoboa kidole, mashine ikasoma 17. Nesi akaita mwenzake waje waione. Ni sukari, mwanangu. Alinieleza vizuri: sukari imejaa kwenye damu lakini mwili hauwezi kuitumia, basi unakula mafuta na nyama yake wenyewe, ndiyo maana unakonda huku unakula. Nameza metformini asubuhi na jioni. Nimepunguza sahani ya ugali, hata wa uwele, mlenda nimeongeza, soda nimeaga. Wiki iliyopita ilisoma 7 kabla ya chai. Sijalala kitandani, nalima, naimba, nafokea watu. Mdogo wako nilimwapisha asikwambie, usimgombeze yeye, nigombeze mimi.

Kwa nini nilificha? Uliniambia mwezi ule ule kwamba kazini kwenu wanapunguza watu. Nikasema mama asiwe mzigo wa pili. Halafu mwezi ukapita, ukapita mwingine, na uongo ukishazoeleka unakuwa kama samani, unaupita tu. Watu hapa mtaani nao waliponiona nimekonda walikuwa na majibu yao tayari, unajua wanavyowaza, wakawa wananisalimia kwa sauti ya hospitali. Miezi mitano nilijisikia mgonjwa hata siku nisiyoumwa. Nilijiona nanuka dawa. Hata kioo nilikigeuzia ukutani nikiwa nachana nywele.

Ndiyo maana nataka ujue kilichotokea usiku ule na gauni lako kubwa. Nilikuwa nimelikusanya kiunoni kwa mkono mmoja, mkono mwingine nikachukua chupa, nikapuliza mara moja shingoni, hapo sijajua sheria za yule kijana. Nikasimama gizani. Sikunuka dawa. Nilinukia mwanamke anayekwenda mahali. Nikaenda nikakigeuza kioo.

Kwa hiyo asante. Kwa gauni asante, na kwa chupa asante mara mbili.

Jana nimekwenda kwa fundi wa Majengo, yule mlemavu mwenye redio. Amenipima akaandika kwenye kikaratasi, nakunakilia hapa ili safari nyingine usikisie: kifua 35, kiuno 30, nyonga 38, inchi. Ameomba elfu nane kulipunguza, tumeafikiana sita. Alitaka kukata kitambaa kinachozidi pembeni, amesema kikibaki ndani kitaleta uvimbe. Nikamkatalia. Apige mshono tu, ziada yote aiache humo humo ndani, na upindo asiuguse. Nesi anasema sukari ikitulia mwili unaweza kurudi rudi kidogo.

Amesema nifuate Jumamosi. Kwa hiyo tuseme Jumamosi ya mwezi ujao.

Binamu yako anarudi kesho, nimempa karanga, ubuyu, na kitenge chako cha sare. Zabibu bado, mpaka Februari mwishoni. Kitenge usikipeleke kwa fundi wa huko. Pasaka uje nacho, tukashonewe hapa, tukipimwa wote wawili siku moja.

Ni mimi,
Mama yako