Kimya cha Madison Square Garden

Mwanangu,

Juzi ulinikuta natazama mieleka ya zamani, ukacheka: "Mzee, hao si wanapangiana?" Sikukujibu kwa kuwa ulikuwa na haraka. Sasa nakujibu.

Ndiyo, wanapangiana. Tarehe 18 Januari 1971, Bruno Sammartino alipanda ulingoni akijua ataangushwa na Ivan Koloff, yule "Mrusi" mzaliwa wa Kanada. Wasiojua ni watazamaji waliojaa Madison Square Garden, New York. Bruno alikuwa ameushika mkanda wa ubingwa tangu Mei 1963, alipomwangusha Buddy Rogers kwa sekunde 48 tu. Siku 2,803! Koloff akapanda juu ya kamba, akamrukia kwa goti, mwamuzi akahesabu mpaka tatu. Ukumbi mzima ukanyamaza. Bruno alisimulia baadaye kwamba alidhani pigo lile limemziba masikio. Kisha akaanza kusikia watu wakilia. Koloff hata mkanda hakukabidhiwa palepale, kwa hofu kwamba watu wangezusha fujo.

Haya, kimya kile nani alikipanga?

Wengi waliokuwa wakimfuata Bruno walikuwa wahamiaji na watoto wa wahamiaji, na walimjua. Alizaliwa mwaka 1935 Pizzoferrato, kijiji cha milimani Italia. Wakati wa vita, mama yake, Emilia, aliwaficha wanawe mlimani, kisha akawa anateremka kwa siri kijijini, katikati ya askari wa Kijerumani, kuwatafutia chakula. Mimi nikiwa mzazi, hapo ndipo huwa nasimamisha hadithi kidogo. Walipofika Pittsburgh mwaka 1950, Bruno alikuwa kijana mgonjwamgonjwa, mifupa mitupu, wenzake shuleni wakimpiga. Akajitia kwenye kunyanyua vyuma. Mwaka 1959 alilala chali benchini akasukuma ratili 565, yaani kama kilo 256.

Ulingoni hakuwa na mbwembwe. Bukta, viatu, basi. Alimkumbatia mtu kiunoni akambana mpaka asalimu amri. (Usimjaribie mdogo wako.)

Hata hiyo michezo ya kupangwa huvunja watu. Aprili 1976 Stan Hansen alimbeba vibaya akamtupa, shingo ikavunjika. Miezi miwili baadaye Bruno alirudi ulingoni, uwanja wa Shea, kupambana na Hansen yuleyule. Hilo simsifii, nadhani alikosea.

Ninalomsifia ni ukaidi wake mwingine. Kwa miaka mingi WWE, kampuni ya mieleka, ilitaka kumwingiza kwenye orodha yake ya magwiji, akakataa, akilaumu dawa za kutunisha misuli na uchafu uliokuwa ukionyeshwa. Alikubali mwaka 2013, baada ya kuridhika kwamba mambo yamebadilika. Sherehe ikafanyika Madison Square Garden, kulekule. Alikuwa na miaka 77.

Usiku ule nilikesha peke yangu sebuleni. Wewe ulikuwa umelala, nikasema nisikuamshe. Afadhali ningekuamsha.

Baba yako