Barua ya wazi kwa wauguzi vijana wa Bukavu

Wanangu mliotoka shule za uuguzi, ITM na ISTM, mnaoanza zamu Kadutu, Bagira na Ibanda, salamu.

Usiku, muuguzi akiulizwa kwa nini mgonjwa hajaguswa, jibu huwa moja: "Daktari hajaandika kitu." Mlifundishwa kwamba kazi zetu ni za aina tatu. Kuna za kuagizwa, kuna za kushirikiana na watu wa maabara na wengine, na kuna zetu wenyewe. Hizi za mwisho hazingoji sahihi ya mtu, lakini ndizo zinazoachiwa mlinzi wa mgonjwa, yule ndugu anayekaa naye hospitalini, pamoja na sufuria ya bugali.

Virginia Henderson, muuguzi wa Marekani, alizipanga katika mahitaji 14, kuanzia kupumua, kula na kunywa. Chukueni hitaji la kugeuka kitandani. Aliyepooza akilala upande mmoja usiku kucha, damu haifiki kwenye ngozi iliyobanwa na mfupa, na ngozi hiyo inakufa. Mgeuze kila baada ya saa 2, ukague kiuno, nyonga na visigino. Mnafundishwa kutafuta wekundu usiopotea ukibonyeza. Kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo gusa pia, utasikia joto au ugumu. Mlinzi wa mgonjwa akusaidie kumgeuza, sawa, ila kufuata saa na kukagua ngozi ni juu yako.

Pumzi hesabu dakika nzima. Endelea kushika mkono kana kwamba bado unapima mapigo, maana mgonjwa akijua anahesabiwa hubadilisha pumzi. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Chati yenye 20 kwa kila kitanda imeandikwa na mtu ambaye hakuhesabu, na hasara yake ni kubwa: mara nyingi pumzi huenda mbio kabla tansio (shinikizo la damu) haijashuka.

Hata kazi ya kuagizwa inataka akili yako. Umeagizwa serumu, maji ya kutundikwa mshipani, ya ml 1000 kwa saa 8, na mrija wako hutoa matone 20 kwa ml 1. Zidisha 1000 kwa 20, gawa kwa dakika 480: karibu matone 42 kwa dakika. Yahesabu kwa saa ya mkononi. Rudi baada ya robo saa, kwani mgonjwa akikunja mkono tu mwendo unabadilika. Ukikuta imechelewa, usiifungulie yote ili kufidia. Moyo wa mzee au wa mtoto utazidiwa na maji yataingia mapafuni. Kagua mkono umevimba wapi, mrija umejikunja wapi, kisha hesabu upya. Potasiamu haisukumwi kwa bomba la sindano moja kwa moja mshipani, hata agizo likisomeka hivyo: inasimamisha moyo. Huongezwa ndani ya serumu, ikachanganywa vizuri, ikaenda polepole. Agizo la namna hiyo mrudishie daktari kabla ya kugusa dawa.

Na daftari la zamu. "Amelala vizuri" haimwambii kitu anayekupokea asubuhi. Andika: "02:10, pumzi 28, tansio 90/50, daktari ameitwa 02:15, amefika 02:40." Andikeni saa kama zilivyo kwenye simu. Ukiandika "saa nane", mwenzako atajiuliza kama ni ya usiku, ya mchana, au saa 8 ya kizungu.