Mfungwa akifiwa aambiwe mapema

Mhariri,

Nilifungwa miaka sita. Mwaka wa pili mama alifariki, nami nikaja kujua arobaini yake imeshapita. Aliyeniambia ni binamu aliyeniletea sabuni. Alisema haraka haraka kwa sababu muda wa kuonana ulikuwa unakwisha. Nikarudi selo, nikajifunika blanketi usoni. Mle ndani hakuna matanga. Asubuhi nikachuchumaa kwenye mstari kuhesabiwa kama siku zote.

Ndugu zangu hawakuniandikia. Wapo wanaosema hadi leo kwamba mimi ndiye niliyemuua mama kwa majonzi, na neno hilo bado sijapata la kulijibu.

Mandela akiwa Robben Island alifiwa na mama yake 1968, na mwaka uliofuata mwanawe Thembi. Kote alinyimwa ruhusa ya kwenda kuzika. Wale walikuwa makaburu. Sisi tunashindwaje kumwarifu mfungwa msiba wake siku ile ile, akakaa na shehe au padri hata nusu saa?

Nilipotoka nilianzia kaburini. Majani yalinifika magotini, nikayang'oa kwa mikono hadi jioni.

Mfungwa wa zamani,
Tabora