Risala ya ofisi ya mawasiliano ya chuo kikuu kwa mgeni rasmi, hapa Dunga, Kisumu

Mheshimiwa mgeni rasmi, Naibu Chansela wetu, wakuu wa idara na nyinyi wote mliotoroka ofisi mkaja hapa ufuoni, hamjambo. Samaki bado iko kwa moto kwa hivyo mtatuvumilia tusome haya haraka haraka.

Mheshimiwa, miaka mitatu iliyopita tulikuwa watu saba, leo tuko watatu, na kwa wale saba nimebaki mimi peke yangu. Mmoja ako na shirika huko Milimani, mwingine alienda kaunti, mmoja anauza mitumba Kibuye na mkimuona siku hizi amenona kweli. Watu husema wanafuata pesa. Huyo wa Kibuye mapato yalishuka, tulipomuuliza mbona uliacha mshahara akatuambia angalau soko jioni linafungwa.

Yetu sasa haifungwi. Wanafunzi wakigoma usiku wa manane simu inalia kwetu. Mwaka 2023 serikali ilipoleta ule mfumo mpya wa kufadhili masomo, wazazi walitupigia mchana kutwa wakiuliza mambo ya bendi, yale makundi ya uwezo wa familia, na mkopo kana kwamba ni sisi tuliutunga, na majibu hata sisi hatukuwa nayo, tulikuwa tunasoma magazeti kama wao tu. Matusi ya Facebook nayo husomwa yote na msichana wa atachimenti, aliyekuja kujifunza kazi, moja moja, anajibu kila mtu asante kwa kuwasiliana nasi.

Lakini kuna hii ya tanzia, hii hakuna mtu huitaja. Mwanafunzi akifariki ni sisi tunaandika, tunatafuta kwa mafaili picha yake nzuri, unampata anacheka kwa mahafali ya rafiki yake, unamkata hapo umuweke kwa fremu nyeusi, na kabla hujapangusa macho mtu anauliza bango la gofu limefika wapi.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema huku kuchoka kupita kiasi si ugonjwa, ni jambo linalotoka kazini: nguvu zinaisha, unaanza kuichukia kazi, na hata ile unafanya hufanyi vizuri tena. Tulikuwa na mwenzetu alikaa karibu mwezi bila kugusa kamera. Sisi tulisema ni madharau.

Na mtu akienda, anaenda na pasiwadi na namba za watu wa redio, nafasi yake inakaa wazi, kazi yake tunagawana sisi, tunachoka, na sisi tunaanza kutafuta kwingine.

Hatuombi makubwa. Sheria ya Ajira ya 2007 inatupa siku moja ya kupumzika kwa kila siku saba, na livu ya siku 21 kwa mwaka, tunaomba ziwe kweli na si za makaratasi. Tupewe simu moja ya ofisi tuishike kwa zamu, usiku zetu zizimwe. Zile nafasi nne mkishindwa zote jazeni hata mbili. Yule mshauri nasaha wa wanafunzi aturuhusu na sisi tukae kwa kiti chake. Mabango yaombwe siku tatu kabla, si saa tatu.

Zawadi yetu ni hii picha yako ya mahafali, Mheshimiwa. Utusamehe kiatu kimoja kimekatwa, aliyeipiga aliacha kazi wiki hiyo hiyo na hatukupata nyingine.

Karibu mezani, samaki imeiva.

Ni sisi watatu wa ofisi ya mawasiliano.